Mashuka Niliyoyakataa

Sisilia, 6 Machi 1966

Dada yangu Agatina,

Nakuamkia wewe na binti yetu Venera, na naomba barua hii iwakute wazima, jiko likiwa na moto wa kutosha, maana nasikia baridi ya huko Torino haina adabu. Kile kikohozi chako kimekwisha? Na mguu uliomteguka Venera kwenye ngazi za kiwanda, anaukanyagia sasa? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama. Maharage mabichi yamezaa kupita kiasi mwaka huu, tunayala asubuhi na jioni mpaka tumechokana nayo. Paka wako bado analala mlangoni kwako, nami humpa vichwa vya dagaa.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama, na nilipofika pale ulipoandika kwamba Venera ameposwa nilipiga kelele hadi majirani wakadhani nimeungua. Huyo Ivo nimempenda kabla sijamwona. Umesema humcheka Venera akikasirika, na mwanamume anayeweza kumcheka Venera akabaki na meno yake yote si mtu wa mchezo. Lakini nilipoendelea kusoma, furaha ikaniishia. Unataka nikuchagulie jozi sita za mashuka ya pamba nzuri nizitume kabla ya Pasaka, kwa sababu mkono wako huuamini tena tangu siku ile. Unataka nije mwenyewe nimtandikie Venera kitanda cha arusi, kama inavyompasa mama yake wa ubatizo. Kisha ukaongeza kwamba unaniomba mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekwambia ukweli wakati wengine wangekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. 

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi, lakini niache niisimulie, kwa sababu unaijua nusu tu. Ilikuwa siku nane kabla ya arusi ya Venera na Saro, miaka sita iliyopita. Ulitandaza mashuka kumi na mawili kitandani ili wanawake wa upande wa bwana arusi wayaone, nami nikaitwa kuyakagua. Tangu shangazi yangu, aliyekuwa mkaguzi kabla yangu, afariki ni mimi ninayeitwa kila nyumba yenye arusi, na nikishasema nimesema. Ulikuwa umepanda basi peke yako hadi Palermo, ukachagua jora mwenyewe, ukamwambia mwenye duka akupe lisilotiwa wanga ili uuone uzi. Kwa hiyo mashuka yako yalilala pale malegevu, hayang'ai, wakati wenzako huleta yaliyokakamaa kama karatasi. Bi Gaetana, mama yake Saro, akasema haya si mashuka ya kulalia, haya ni vitambaa vya kuchujia jibini, na wanawake wakacheka. Nikapitisha mkono juu ya lile la kwanza. Nikasema, pamba ya nyuzi fupi hii, haimalizi miaka mitatu.

Basi, Bi Gaetana akachukua shali yake akaondoka. Wiki haikuisha posa ikavunjwa, na Saro, ambaye hajawahi kuwa na kinywa mbele ya mama yake, akafuata alichotaka mama. Venera hakutoka nje mwezi mzima, kisha mkapanda treni. Pale kituoni uliubusu mkono wangu.

Sasa nikwambie ya dukani. Alhamisi nilikwenda kwa Nardo, yule muuza vitambaa, nikitaka kukutimizia ombi lako na kunyamaza. Akanipokea kwa maneno yake, karibu mama mkaguzi, leo unanisifu au unanifilisi? Nikamwambia atoe majora hadi mlangoni kwenye mwanga. Niliinua kila kitambaa juani nione kama kimefumwa sawasawa au kina vitundu. Nikakisugua chenyewe kwa chenyewe juu ya aproni yangu nyeusi, na wanga ukadondoka kama unga wa ngano. Nikamwambia achomoe uzi auwashe kwa kiberiti. Pamba ikaungua ikaacha jivu, lakini uzi wa jora moja ukajikunyata ukawa tone jeusi gumu. Nikamwambia, Nardo, hii ni nailoni, huoni haya? Akanijibu kwamba dunia imebadilika, siku hizi wanawake hawataki kupiga pasi. Mwishowe, nilipodhani ameinama kwenye sanduku lake, niliinua kitambaa nikakiweka shavuni. Akaniona. Akasema, Bi Provvidenza, unakinunua au unakibusu? Tukacheka wote, mimi kwa kujilazimisha.

Nilitoka na vipande viwili vya mfano, nikaenda kwa masista wanaotunza wazee, nimwonyeshe Sista Eletta. Mtu anayechemsha mashuka ya vitanda thelathini kila wiki anajua lipi litadumu. Akavivuta, akavikunjua, akasema hiki kitafaa, hiki kitupe. Kisha akaniambia, lakini ukitaka kuona pamba yenyewe, njoo huku nyuma. Kwenye kamba kulikuwa na mashuka meupe, mazito, laini. Akasema haya yamechemshwa kila wiki kwa miaka sita na halijatoboka hata moja, wazee wanayagombea kama watoto. Ningemjua aliyeyachagua, akasema, ningemtuma aninunulie mengine. Nikaangalia pembeni ya moja nikaona V uliyoitarizi kwa uzi mweupe. Nilikuwa nimesahau kwamba ulipoondoka uliacha kapu zima mlangoni kwao, ukasema huenda yakafaa kwa matambara. Niliyahesabu yote kumi na mawili. Sista akaniletea maji akidhani jua limenizidi.

Agatina, kaa kitako. Mkono wako haukukosea. Wala mimi siwezi kusema nilikosea, kwa maana anayekosea ni yule aliyejaribu. Vidole vyangu havina hisia. Majira mawili ya baridi kabla ya siku ile nilikuwa nikifua mashuka ya hoteli kwa maji ya magadi, ncha za vidole zikababuka, na zilipopona hisia haikurudi. Naweza kuokota kaa la moto nisijue mpaka ninuse. Hata kalamu hii naishika kwa kuitazama, ndiyo sababu mwandiko umepinda. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuitwa, nikawa nakagua kwa macho, nikisifu kinachong'aa na kilichokakamaa, na pale macho yaliposhindwa nilisoma nyuso za watu.

Siku ile nilipitisha mkono juu ya shuka lako nisihisi kitu. Nikainua macho kutafuta msaada, nikakutana na uso wa Bi Gaetana, midomo ameibana. Nilichosema ni kile ambacho uso wake ulikuwa umekwisha kusema. Ningeweza kuliinua shuka nikaliweka shavuni, shavu langu ni zima, ningejua palepale. Lakini wanawake kumi wangeniuliza kwa nini mkaguzi ananusanusa kitanda, na siri yangu ingetoka. Nilichagua jina langu, nikamwacha mtoto niliyembeba mimi mwenyewe kwenye maji ya ubatizo. Halafu nikakuacha uubusu mkono huo. Miaka sita nimekuandikia salamu za Krismasi na Pasaka, na kila mara nilifunga bahasha haraka.

Jana niliitwa kukagua mashuka ya binti wa mwoka mikate. Walipokwisha kuyatandaza nikawaambia wote, Bi Gaetana akiwa kwenye kiti cha mbele, kwamba vidole vyangu vilikufa miaka minane iliyopita, na kwamba mashuka bora kuliko yote niliyowahi kuitiwa ni yako, nendeni kwa masista mkayashike. Bi Gaetana akaniuliza, kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unakagua nyuso zetu? Nikamjibu ndiyo, na wa kwako ndio ulionidanganya kuliko wote. Hakuna aliyecheka. Hawataniita tena, na ndivyo inavyostahili. Mama wa binti alianza kuyakunja mashuka yake moja moja, mimi nikatoka.

Kwa Nardo sikununua kitu, wala sitanunua. Nenda sokoni huko wewe mwenyewe. Waambie wakupe yasiyotiwa wanga, kama ulivyofanya Palermo, na wakikucheka waache wacheke. Lile ambalo mkono wako utalipenda, ndilo hilo.

Kuhusu kitanda cha Venera, nakuomba jambo moja. Msomee barua hii yote. Usiruke pale kwenye uso wa Bi Gaetana, wala pale kwenye shavu. Najua wewe utanisamehe kabla hujakunja karatasi, ndivyo ulivyo, na msamaha wako siuombi leo kwa sababu nitaupata kwa urahisi mno. Aliyejifungia chumbani mwezi mzima ni yeye. Akisema nije, nitakuja hata kwa kusimama kwenye treni. Akisema mtu mwingine amtandikie, mtafute huyo mtu, wala usinitetee.

Mpe Ivo salamu zangu, na mama yake, na watu wote wa kwetu mnaokutana nao kanisani huko. Vaa soksi mbili, usioshe nywele jioni. Jibu aandike Venera, kwa mkono wake.

Wako,
Provvidenza