Shati la Njano Ulilolivaa kwa Ajili Yangu

Baba Kulwa mpendwa,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini sikuwahi kuanza maneno na wewe bila salamu, na leo sitaanza.

Jana Doto aliniuliza tena baba yake alisema nini siku zile za mwisho. Yuko kidato cha pili sasa. Ana macho yako yale ya kumkazia mtu mpaka aseme kweli. Nikamjibu vilevile ninavyowajibu yeye na Kulwa miaka yote: "Alisema atapona." Akachukua ndoo akaenda bombani. Nikajua hajaniamini. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kabla sijakaa naye.

Unakumbuka msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao mpaka Lalago na Shishiyu. Wewe karani wa mizani wa chama cha ushirika, uliyezoea kusubiriwa na foleni ya mikokoteni, ukabaki godauni na mizani yako huku watu wanapita wanakupungia mkono. Ulirudi nyumbani unacheka. "Mama Kulwa, leo nimepima nzi." Koo lilikuwa limeshaanza kukukwaruza, tukasema ni vumbi la pamba. Ugali ulipoanza kukukwama, ukawa mtu wa uji tu, ndipo tukaenda hospitali. Wakatuambia ni saratani ya koo, na matibabu yake yako Dar es Salaam.

Hapo ndipo mimi nikashika usukani. Unanijua nikishika jambo. Kanisani walituambia tuwe na matumaini, mimi nikayageuza kuwa sheria ya nyumba. Shangazi yako alipokuja akianza kulia, nilimtoa nje. Nikaenda mnadani nikakununulia shati la mitumba, la njano, lenye maua makubwa kama sahani. Nilisema wanaokwenda kufa ndio huvaa kijivu, sisi tunakwenda kupona. Ukajitazama kwenye kioo ukasema umekuwa pazia la gesti. Lakini ulilivaa.

Treni ilipoondoka Malampaka ulinigusa goti. "Mama Kulwa, nisiporudi..." Nikakukatiza. "Utarudi." Ukajaribu tena tulipofika Tabora, nikakukatiza tena, nikakumenyea chungwa. Ukalifyonza ukiangalia dirishani. Safari nzima hukurudia.

Wodini tulimkuta Mwamvua, yule mama Mzaramo aliyekuwa akifanya usafi. Alipoisikia lafudhi yako tu akaegemea fagio lake. "Kumbe Msukuma. Nani kakuruhusu kuacha ng'ombe? Mtani, ukifa humu hayo makatambuga ya tairi ni yangu, nakwambia mapema." Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, ukamjibu kwa sauti yako iliyokwisha kukauka, "Chukua, na funza wake humo humo." Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia ukicheka kicheko chako chenyewe tangu tuondoke Bariadi. Nilipaswa kulitia hilo akilini. Badala yake niliona wivu, Baba Kulwa. Mimi nimekusafirisha kote huko na shati la maua, halafu anakuja mtu na ndoo ya maji machafu anakuchekesha kwa kifo.

Kila asubuhi, ukitoka kwenye mionzi, mlikuwa mnatupiana maneno. Nikavumilia. Kisha siku moja nikarudi na uji nikamkuta ameipindua ndoo yake ameikalia, amekushika mkono, na wewe unalia. Nilimsikia akisema, "Mtani, kufa utakufa, na mimi nitakufa. Sema ulicho nacho."

Uji niliuweka chini. Niliyoyasema pale sitayaandika, ulikuwepo. Nikaenda kwa muuguzi mkuu nikamshtaki kwamba anamvunja moyo mgonjwa wangu. Kesho yake Mwamvua alikuwa anapiga deki wodi nyingine.

Wala usiseme sikujua utani ni nini. Nimekulia humo. Nyumbani watani wamekuja msibani mara ngapi, wakagaragara, wakaigiza marehemu, nami nikacheka na kanga mdomoni? Lakini pale niliogopa kwamba neno lile likitamkwa karibu na kitanda chako, litakuwa limekaribishwa.

Tangu siku hiyo ukawa mgonjwa mzuri. Nikiuliza unaendeleaje, "Nafuu." Nikisema tabasamu wageni wamekuja, unatabasamu. Hata uji ulioshindwa kumeza uliuweka mdomoni mpaka nigeuke. Nilikusifia kwa wenye wagonjwa wengine, nikawaambia tazameni mtu mwenye moyo. Sasa ndiyo naelewa kwamba wakati ule mgonjwa alikuwa anamuuguza mwenye mgonjwa.

Ulifariki asubuhi, nikiwa nakueleza jinsi tutakavyoezeka nyumba kwa bati ukipona. Niliendelea kusema, sijui kwa muda gani, mpaka muuguzi akanishika bega.

Sasa nikusimulie usiyoyaona. Shemeji, ndugu yako, alikuja na treni, tukawa tumekaa uani, nje ya chumba cha maiti, tunasubiri gari. Mwamvua akatokea. Nilidhani amekuja kunisuta, na ningestahili. Hakunisalimia. Alifungua furushi la nguo zako, akachomoa shati la njano akalivaa juu ya sare yake. Akavaa makatambuga yako. Akaanza kutembea, Baba Kulwa, bega moja chini, bega la magunia, na mkono nyuma kama ulivyokuwa ukiikagua mizani. Sijui alikusoma lini. Shemeji alicheka. Watu waliokuwa na misiba yao walicheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akasimama mbele yangu akakausha sauti ikawa yako. "Mwangaluka, Mama Kulwa. Mimi naogopa. Leo nisipone kwanza. Leo niogope na wewe kidogo tu. Nishike mkono."

Hakuna aliyecheka tena. Alivua shati, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Kwa sauti yake mwenyewe akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu, "Hayo si utani, mayu. Alikuwa ananiambia siku ile uliponikuta. Alisema kwako hayapiti." Akaondoka na makatambuga yako miguuni. Yalikuwa haki yake.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho yenye kweli, na mimi nimeyafungia sandukuni pamoja na shati. Watoto nimewapa "atapona", neno langu mwenyewe, nililokuwa nimekuvisha. Siku hizi nikisikia mgonjwa anaambiwa ajikaze, natoka nje. Huenda koo lile lingekuchukua tu, hata madaktari hawakunificha. Ila zile wiki saba tungeweza kuwa wawili mle wodini. Nilikuacha peke yako nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chako. Hilo najutia, na halipungui.

Doto ameketi barazani anachambua mchicha. Nikimaliza hapa nitalitoa shati, nimwite na mwenzake, niwaambie baba yao aliogopa, na kwamba alitaka kushikwa mkono. Najua watakupenda zaidi. Mimi sijui watanionaje, lakini safari hii sitamkatiza mtu.

Jibu ninalokupa limechelewa sana. Na mimi niliogopa, Baba Kulwa. Tangu Malampaka niliogopa, lile chungwa nililimenya ili nisikusikie ukimaliza. Pumzika huko uliko, hakuna tena anayekulazimisha kutabasamu.

Lete mkono.

Mkeo,
Mama Kulwa