Mwache Juma na Meno Yake

Chang'ombe, Temeke
Jumanne jioni

Shikamoo, mama.

Naomba barua hii ikukute jikoni umekaa kwenye kigoda chako, miguu haijavimba, na kicheche hajarudi tena kwenye banda la kuku. Baba mdogo mgongo umepoa? Mimi mwanao Ramadhani ni mzima, ila ungeniona leo ungecheka kwanza ndipo unipe pole, maana shavu la kushoto limevimba utadhani nimeficha limau ndani. Usihofu. Natibiwa, na nitakueleza yote.

Kwanza nakuomba radhi. Jumapili kwenye simu nilikupandishia sauti, na mtoto hampandishii mama yake sauti hata kama anaona ana haki. Uliponikatia nilibaki pale karakana nimeishika simu kama mjinga. Tangu hapo napiga hupokei. Tatu naye nimemwambia, mdogo wangu, nisaidie, ananijibu, "Kaka, nimekuja kujifungulia kwa mama, nakula kwake, nalala kwake. Nitampingaje? Mwambie mwenyewe." Basi nakuambia mwenyewe, kwa kalamu, kwa kuwa barua huwezi kuikata katikati. Najua unasoma taratibu, kwa kidole, na unarudia mara ya pili. Hii isome ukiwa peke yako.

Mzee Saidi jirani yetu, aliyekuja huku kumwona mwanawe, anapanda basi kesho alfajiri. Jioni atakuwa mlangoni kwako na barua hii pamoja na mfuko mdogo. Nimemsisitizia sana afike hiyo kesho, kwa sababu keshokutwa Alhamisi ndiyo siku uliyopanga kumpeleka mjukuu wako, mtoto wa Tatu, kwa fundi Bi Zainabu, atolewe meno ya plastiki, eti ndiyo yanayomharisha.

Niruhusu nianze na jino langu, maana yote yameanzia hapo.

Ni gego la juu. Lilianza kuniuma wakati wa mfungo, nikasingizia njaa. Baada ya Idi likaendelea, nikakosa cha kusingizia. Nikaweka karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, siku moja nikasaga kidonge cha maumivu nikakipachika kwenye fizi. Fizi ikaungua, jino likaendelea kuuma, nikawa na magonjwa mawili. Rafiki yangu Chidi, tunayechomelea naye mageti, kila nikisema nakwenda hospitali ananivuta shati. "Braza, jino la juu usiling'oe, utapofuka! Mshipa wake umeshikana na jicho. Babu yangu mie alikuwaga anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, kang'oa jino tu, basi, giza." Nikamwuliza babu yako alikuwa na miaka mingapi. Akafikiri, akasema kama themanini na kitu.

Wiki iliyopita nilishindwa kutafuna hata wali, nikaenda. Daktari wa meno ni binti, nadhani hata Tatu ni mkubwa kwake, lakini kwa woga nilijikuta nimempa shikamoo. Akacheka, akaniambia keti. Akachungulia na kile kioo chao kidogo, huku ananiuliza maswali kama karani wa sensa. Mswaki napiga saa ngapi? Asubuhi, kabla ya chai. Na usiku kabla ya kulala? Nikasema usiku huwa nalala tu. Chai naweka sukari vijiko vingapi? Nikasema vinne, nikaona aibu, maana ulitulea kwa chai ya rangi yenye kijiko kimoja tukishukuru. Hapo soda za karakana sijazitaja.

Akanieleza kwamba wadudu wa mdomoni wanakula sukari ileile tunayokula sisi, wakishaila wanatoa kitu kikali kinacholila jino kidogo kidogo. Usiku mate yanapungua mdomoni, ndiyo wanapata nafasi. Ningekuja mapema angesafisha kitundu na kukiziba, siku moja, yamekwisha. Lakini nilingoja mpaka tundu likafika kwenye kiini, kwenye mshipa, na ndani kumefanya usaha. Sasa njia zilikuwa mbili, ama kuling'oa ama kutibu mzizi, yaani kuusafisha ndani, kuweka dawa na kurudi mara kadhaa mpaka lizibwe. Nikachagua kulitibu. Nilimwuliza na habari ya macho, kwa sauti ndogo, kama si mimi ninayetaka kujua. Akasema, "Ningekuwa napofusha watu, kaka yangu, nusu ya Temeke ingetembea na fimbo."

Basi alikuwa anaendelea kuchungulia, akasimama ghafla.

"Chonge zako ziko wapi?"

Nikamwambia sina. Akahesabu, juu mbili, chini mbili, zote hakuna.

"Wewe ni mtu wa Singida au Dodoma?"

"Singida. Umejuaje?"

"Mdomo wako umeniambia. Ulitolewa meno ya plastiki ulipokuwa mchanga."

Akaniambia anawaona wengi. Mama, alisema plastiki hakuna. Ukimfungua mdomo mtoto wa miezi michache utaona pale kwenye fizi, pembeni, pamevimba na pana weupe. Ni chonge zake za utotoni, bado laini, zinajiandaa kuota. Kila mtoto anazo, mgonjwa na mzima. Tofauti ni kwamba mtoto mzima hakuna anayemfungua mdomo. Fundi akichokonoa na spoku ya baiskeli anatoa jino changa la watu, na mara nyingine anaharibu na lile la ukubwani lililo chini yake. Mimi yameharibika yote manne. Siku ile nilicheka tu, nikamwambia nimeishi bila chonge na nyama nakula.

Jumapili ndipo uliponiambia mtoto anaharisha siku ya tatu, ana homa, umemfungua mdomo na umeyaona meupe. Ndiyo sababu ya sauti ile.

Jana nilikuwa na zamu ya kurudi kwa daktari kwa ajili ya mzizi. Kabla hajanichoma sindano ya ganzi nikamweleza habari za mjukuu wako. Akaweka vyombo chini. Ana miezi mingapi? Sita. Ameanza uji? Ameanza. "Basi hapo ndipo pa kutazama," akasema, "maji, kikombe, kijiko, mikono. Na umri huo kila kitu anatia mdomoni." Kuharisha kunaletwa na uchafu unaoingia tumboni, chonge haziharishi mtu. Kinachoua ni mwili kukaukiwa maji. Anyonyeshwe kila anapotaka, apewe ile dawa ya pakiti inayochanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, na apelekwe zahanati mara moja, wasingoje siku. Na spoku, mama, inatoka kinywa cha huyu inaingia cha yule. Mtoto anaweza kwenda na kuharisha akarudi na ugonjwa mkubwa zaidi.

Nikampigia Tatu palepale nje ya mlango, ndiyo maana jana alikuambia anampa maziwa kwa wingi. Lakini zahanati alisema hathubutu bila wewe kusema neno.

Halafu kabla sijaondoka daktari aliongeza jambo moja. "Wamwangalie utosi. Ukiona utosi umebonyea, analia bila machozi, hakojoi, wasisubiri hata chai ichemke."

Aliposema utosi, mama, nilirudi kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

Nilikumbuka siku naondoka kuja Dar, tulipokuwa tunangoja basi, uliponitajia kaka yangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Uliniambia kwamba kabla yangu alikuwepo Juma, kwamba aliharisha, kwamba baba alikuwa mnadani na wewe ulikuwa bibi harusi wa mwaka juzi, huwezi kutoka na mtoto wa watu bila ruhusa. Ukamngoja baba siku mbili. Aliporudi ulimfunga Juma mgongoni ukakimbia kwa mama yake Bi Zainabu, aliyekuwa fundi wa zama zile, na kabla hujavuka korongo Juma akawa mzito. Uliniambia utosi wake ulikuwa umeingia ndani kama kisahani. Kisha ukasema, "Nilimchelewesha," basi likaja, nikapanda.

Miaka yote hii nilidhani umeniaga kwa kisa cha huzuni tu. Jana ndiyo nimeelewa. Mimi nilipozaliwa na kupata homa ya kwanza hukumngoja mtu. Shangazi amewahi kunisimulia kwamba ulitoka mbio na kanga moja, nikatolewa meno mchana uleule, nikatoka damu mpaka jioni wakadhani na mimi nakwenda. Mapengo yangu manne, mama, ni zile mbio zako. Sijawahi kukulaumu na leo silaumu, tena nikiyagusa kwa ulimi najua nina mama aliyenikimbiza.

Lakini mkumbuke na Tatu. Naye alipokuwa mchanga aliharisha, naye ulimfungua ukayaona meupe. Bi Zainabu alikuwa amekwenda msibani Manyoni. Mkakaa, mkamnyonyesha tu kwa kukosa la kufanya, na fundi aliporudi Tatu alikuwa anatambaa anakula majivu. Ulisema ni bahati. Huyo ndiye pekee kati yetu tuliobaki hai ambaye hakuguswa, na ndiye mwenye chonge za kumenya muwa. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nampelekea wa kwangu animenyee, mimi kaka yake, na yeye anautafuna nusu kama ujira?

Neno ninalotaka kukuambia nimelizungusha tangu jana, nimeandika karatasi mbili nikazichana. Naogopa kwa sababu ni habari ya kaburi, na anayelia pale ni wewe, si mimi. Lakini Tatu amempa mwanawe jina la marehemu, jina la Juma limerudi kutajwa nyumbani, na naona wewe umeapa moyoni kwamba huyu hutamchelewesha.

Mama, na yule hukumchelewesha. Daktari hakumwona, na mimi ni mchomelea vyuma, sijui kila kitu. Lakini utosi uliobonyea ni maji yaliyokwisha mwilini. Hata ungefika siku ya kwanza alfajiri, spoku haimnyweshi mtoto maji. Wewe umebeba miaka yote hii kosa la kuchelewa kufika mahali ambapo hapakuwa na dawa. Na nakuomba, ukishautua mzigo huu usijitafutie mwingine, usianze kusema basi ningempa maji. Nani alikuambia? Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima, na wazee walisema anayeharisha asinyweshwe. Ulifanya ulilofundishwa, kwa miguu yako yote.

Bi Zainabu simtukani. Ana huruma, na kila msiba anafika wa kwanza. Lakini mimi nashinda na chuma toka asubuhi, spoku naijua, kazi yake ni gurudumu.

Kwenye mfuko utakuta pakiti za dawa ya kuharisha. Pakiti moja ni kwa lita moja ya maji, ipime vizuri kwa ile chupa niliyoiosha, na yakilala mpaka kesho yake mwaga. Vidonge vya zinki zahanati watakupa na kukuonyesha. Kuna na mswaki wako, mama, na dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wako wa mti daktari hakuukataa, alisema ni mzuri, ila dawa hii inaliongezea jino nguvu, na wa usiku usiruke kama nilivyoruka mimi. Mkaa wa kusugulia achana nao, unakwangua meno. Juma akiota jino la kwanza, Tatu awe analisafisha kwa mswaki mdogo laini, na asilazwe na kitu kitamu mdomoni. Hayo nimeyapata kwa maumivu, nyie mnayapata bure.

Nenda naye zahanati hiyo Alhamisi, alfajiri, wewe mwenyewe umbebe. Mgongo uliombeba yule umbebe na huyu. Nikija mwezi wa kumi na mbili nitakuta bado ni mdogo, sawa, nitangoja. Siku moja nitaketi pale nje na muwa wangu mkononi nimwite Juma aje amenyee mjomba wake, na akitaka nusu nitampa.

Mwambie Tatu sijamkasirikia, na shemeji akija kuwatazama msalimie. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, shangazi aliyenisimulia habari zangu naye pia, na yule mwalimu mstaafu aliyekufundisha kusoma mwambie mwanafunzi wake amenifanya niandike kurasa tatu. Chidi anakuamkia, anauliza kama macho yangu bado yanaona.

Alhamisi saa nne nitapiga simu. Nakuomba upokee. Huna haja ya kusema umenisamehe, wala kunieleza foleni ilikuwaje. Niambie tu Juma amekojoa.

Mwanao mwenye mapengo manne,
Ramadhani