Hatua za Jattani

Salaam aleikum, mjukuu wangu Guyo,

Huku Kiwanjani tuko salama. Nyanya yako amepona kikohozi, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini magoti yako yanauma ukikimbia, na yangu mimi mzee hayaumi. Jibu nilipewa na mdogo wangu Jattani, ambaye hukumjua.

Kila asubuhi tulikimbia hadi Burat na kurudi, mimi mbele na viatu vipya, yeye nyuma na akala zake za matairi. Nilirusha miguu mbali, kisigino kikigonga lami. Yeye alizoea kukimbia nyuma ya mbuzi bila kuwashtua. Aliniambia, "Kaka, unapiga barabara kama una kesi nayo. Fupisha hatua. Mguu utue chini yako, si mbele yako. Na legeza mabega." Nilimcheka.

Siku moja niliongeza mbio ili nimwonyeshe. Kishindo changu kilikuwa kikubwa hata sikusikia miguu yake imenyamaza. Nilipogeuka kule Burat, sikumwona. Nilimkuta njiani, watu wamemfunika shuka. Tulimzika kabla ya alasiri. Mengine niachie.

Fanya alivyosema, Guyo. Magoti yatapona. Yangu yalipona nilipomtii, na yeye hakuwepo kuona.

Siku hizi nakimbia bila kishindo, na nasikia vizuri kwamba nyuma yangu hakuna mtu. Ukija likizo tutakimbia pamoja, lakini wewe utatangulia, nikuone.

Babu yako