Kengele Iliyochelewa

Nyumba ya fundi cherehani,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 8 Agosti.

Mpendwa Dada Kombeo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, zikufikie ukiwa mzima. Bega linaendeleaje? Najua kazi ya kunyoosha mashuka ya hoteli kutwa nzima haina huruma. Lipake dawa, na usijifanye chuma. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Cherehani yangu bado inakata uzi, nami bado naitukana.

Sasa kaa kitako, nina habari za Kengele.

Naam, yule yule mwalimu wa nidhamu wa enzi zetu, aliyezunguka na kengele mkononi utadhani amezaliwa nayo. Siku hizi ndiye mwalimu mkuu, na binti yangu anasoma kwake. Mtoto ana mkono wako, Dada. Akirusha mpira, golikipa anatafuta pa kujificha. Wenzake wamempa jina la Kombeo bila kujua kwamba lina mwenyewe.

Mwaka huu Kengele alifuta michezo ya Ijumaa, akaweka masomo ya ziada. Alituambia wazazi kwamba hakuna mtihani unaofanywa kwa kurusha mpira. Basi binti yangu akaanza kuumwa tumbo kila Ijumaa, kisha na Alhamisi, kisha asubuhi yoyote ile. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani na sare yake, hataki kwenda, nikakuona wewe. Maana nawe ulikwenda shule kwa ajili ya uwanja, hesabu na sarufi ukaziokota njiani. Hakuna mwalimu aliyeliona hilo.

Mimi sijasahau. Fainali ya mpira wa mikono, penalti ya mwisho, mpira umeushika wewe, naye akapiga kengele eti muda wa usafi umefika. Ulipombishia akakufukuza mbele ya shule nzima, na Baba akasema msichana mbishi akae nyumbani. Tangu siku ile nina kinyongo naye. Nimekilisha, kimenenepa.

Siku ya kufunga shule wasichana walicheza na walimu. Kengele alijiweka golini mwenyewe, tai shingoni, akajigamba mbele ya wazazi kwamba wasichana wakishinda, michezo ya Ijumaa itarudi. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo, msichana mdogo lakini haogopi mtu. Alitaka mzazi mmoja wa kushika saa na kengele ya shule. Nilifika mbele yake kabla hajamaliza kuuliza.

Walikwenda sare mpaka dakika ya mwisho. Ndipo mwalimu wa hesabu akamvuta binti yangu jezi, kipenga kikalia, penalti. Nikatazama saa, muda ulikuwa umekwisha. Kengele naye alijua, jasho linamtiririka.

"Mama, piga kengele. Muda umeisha."

Niliingiza vidole ndani ya kengele, nikaushika ulimi wake usilie.

"Penalti haikatwi na kengele, Mwalimu. Rudi golini."

Akamgeukia mwamuzi, naye akamwambia hiyo ndiyo sheria, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Laiti ungeuona uso ule, Dada. Mtenda akitendewa hujihisi kaonewa. Binti yangu hakuwa na haraka. Mpira ulimpata Kengele tumboni, ukaingia naye wavuni. Niliipiga kengele mpaka mkono ukafa ganzi. Watu walidhani ni furaha ya mzazi. Kilikuwa kisasi, kilikuwa kitamu, na sitaomba msamaha.

Baadaye nilimfuata akijifuta vumbi, nikamwuliza kama anakukumbuka. Akaniuliza ulikuwa darasa gani. Dada, hakukumbuka hata jina lako. Nilidhani nimemalizana naye, kumbe ndiyo kwanza naanza.

Michezo imerudi, na tumbo la mtoto limepona lenyewe. Mwalimu wa michezo ameniomba niendelee kushika saa, basi kila Ijumaa nakwenda na suruali za wateja, nakunja pindo pembeni mwa uwanja. Muda ukifika, Kengele hutoka barazani, hutazama saa yake, kisha hunitazama mimi. Nami nashona. Nawaacha wasichana warushe kidogo tena, makusudi, mbele ya macho yake. Muda huo ni wako, alikudhulumu, nami nautoza.

Mama anakusalimu, anasema ule. Mjomba wa baiskeli anakusalimu, na shangazi pia, ingawa bado amenuna hukumpigia simu. Binti yangu anauliza ulikuwa unaushikaje mpira. Mwandikie mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe usingizi, na bega lako alirudishie nguvu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mpiga kengele.