Rangi Alizochagua Mama Kulwa

Kaka Masanja,

Nimeanza barua hii zaidi ya mara moja, nikaishia kwenye jina lako. Leo mvua imewafungia wateja majumbani, na hapa saluni Katoro nimebaki na chupa za rangi za kucha mbele yangu. Nitaandika mpaka mwisho. Nimekukosea, kaka, na niliyemkosea zaidi ni mkeo.

Tulipomaliza matanga, wazee walikaa wakagawa vitu vyako. Mtumbwi walimwachia Shija, mwenzako wa siku zote, auendeshe, na sehemu ya samaki ampelekee mkeo, Mama Kulwa, ili yeye na mapacha wabaki palepale Nkome, kwenye nyumba uliyowapangia. Mimi nilipewa boksi la samaki wako wa mti, wale uliokuwa umeshawachonga na kuwafunga ndoana lakini hujawaleta nikawapaka. Kila mtu alijua kazi ilivyokuwa: wewe unachonga, mimi napaka, na mkiwa ziwani mnamkokota samaki huyo nyuma ya mtumbwi mpaka sangara adhani ni furu, kale kasamaki anakokula, anayekimbia. Niliondoka na lile boksi nimelikumbatia. Niliona kama nimepewa wewe.

Niliwapaka wote kichwa chekundu, mwili wa fedha. Unakumbuka ulivyonipigia simu kabla figo hazijakulaza: "Minza, safari hii kichwa kiwe chekundu." Ndiyo ilikuwa oda yako ya mwisho. Najua rangi zilikuwa zinabadilika. Miaka yote uliniagiza kufuatana na maji, mara ya udongo, mara meupe ya kule visiwani, mara ya kijani. Lakini mwenye kujua lini zibadilike ulikuwa wewe, na niliamini ujuzi huo tumeuzika pamoja nawe. Nikaishika ile oda ya mwisho kama wosia.

Shija akaenda ziwani, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, vilevile. Alinipigia kwa upole, unamjua alivyo. "Dada Minza, maji yamekuwa kama mlenda. Huyo mwekundu wako akizama kidogo hata mimi simwoni." Nikamjibu kwamba samaki wa kaka yangu hawaguswi.

Halafu akaja Mama Kulwa mwenyewe. Alitoka Nkome na samaki mmoja wa mti amemviringisha kwenye kitenge, akasimama hapo mlangoni akisubiri nimalize kusuka. Akasema taratibu kwamba kwa maji yalivyo sasa, mgongo uwe mweusi na tumbo njano. Nilihisi anaingilia kaburi lako. Nikamwambia mbele ya wateja, "Wifi, wewe umeolewa kwetu. Mimi nimezaliwa naye."

Mteja niliyekuwa namsuka aliinamisha kichwa ingawa nilikuwa sijamwambia ainame. Mkeo akamrudisha yule samaki kwenye kitenge. Aliniaga vizuri, akasema nimsalimie mama. Sijui ungekuwepo ungenitazamaje. Nadhani usingenitazama kabisa.

Baada ya hapo hakuniomba chochote. Mtumbwi uliendelea kurudi mtupu, na mimi nikaendelea kuvipaka upya vile vichwa vyekundu nikilia, nikijiona dada mwema. Sikujua kwamba Kulwa na Doto wanashinda mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, wakiokota dagaa waliodondoka chini ya vichanja vya watu. Sikujua, kwa sababu sikwenda kuuliza. Mwishowe kaka yake Mama Kulwa alikuja kutoka kwao Songwa akawachukua wote, na vyombo vyao.

Shija alinifuata hapa Katoro kuniambia. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika. Hakukaa, hata maji hakunywa. Alisema, "Dada, zile rangi hazikuwa za Masanja. Masanja alikuwa hatofautishi nyekundu na kijani. Aliyekuwa anachagua ni shemeji."

Nilitaka kumbishia. Ndipo nikakumbuka nyanya.

Zamani mama alikutuma shambani ukachume zilizoiva, ukarudi na kapu limechanganyika, mbichi na mbivu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakubandika jina la Nyanya Mbichi, na nilikuita hivyo mpaka mwaka uliooa, hata mbele ya wakwe. Hukuwahi kunijibu. Ulikuwa unatabasamu na kuondoka. Nilidhani ni mzaha wetu sote wawili.

Shija akanieleza mlivyokuwa mkifanya. Maji yakibadilika, Mama Kulwa anapanda nanyi mtumbwini, wewe unateremsha vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, vimefungwa kwenye mshipi, naye anainama na kukutajia kipi kimepotea kwanza na kipi bado kinaonekana. Kisha unanipigia simu, naye amekaa pembeni yako. Kumbe ile sauti niliyokuwa naisikia nyuma yako ilikuwa inakutajia oda. Nami kila mara nilikuwa nasema, "Mwambie wifi atuache, tunaongea kazi." Mlikuwa mnacheka. Sasa najua mlikuwa mnacheka nini.

Nilifunga saluni nikaenda Songwa. Uani nilimkuta mama mkwe wako, nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia, akaingia ndani akatuachia nafasi. Mama Kulwa alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanikimbia, nikajikuta nauliza swali ambalo sikuwa na haki nalo: kwa nini kaka hakuniambia?

Hakuinua macho. "Alikuwa haoni aibu kwa mtu mwingine, wifi. Kwako tu. Ulikuwa unacheka sana."

Hakulisema kwa kunichoma. Angelisema kwa kunichoma ningelibeba vizuri zaidi.

Nikamwomba msamaha. Kwa lile neno la saluni, na kwa watoto kuokota dagaa. Nilisema yote, naye alikuwa anachambua tu, jiwe moja moja anatupa pembeni. Alipomaliza ungo mzima alisema atarudi Nkome, ila nisidhani anarudi kwa ajili yangu. Watoto wanaililia shule yao. Na maji atayaangalia mwenyewe.

Aliyaangalia, kaka. Alinipandisha mtumbwini, mimi niliyekuwa najidai fundi wako na sijawahi hata kulowa miguu. Mimi nilishika mshipi, yeye akainama. Mvua zilikuwa zimeshaingiza udongo ziwani, kwa hiyo ile njano na nyeusi aliyonifuata nayo Katoro nayo ilikuwa imepitwa. Alichagua rangi ya chungwa, na mistari myeusi ubavuni. Nilipaka palepale mwaloni, jua likikausha. Shija alikwenda akarudi na sangara wa kubebwa na watu wawili, na kina mama wanaoanika dagaa wakapiga vigelegele. Mkeo hakupiga. Alimchomoa yule samaki wa mti mdomoni mwa sangara, akatazama alama za meno, akaniambia mkia unahitaji kupakwa tena.

Sasa wako nyumbani kwao. Mtumbwi unarudi na kitu, si kila siku, lakini unarudi na kitu. Ningependa kukuambia kwamba nimetulia. Juzi nililala kwao, na asubuhi nikikunja mkeka nikakuta kiporo cha ugali Doto amekificha chini yake. Mama yake anasema bado hajaacha. Chakula kipo, ila mtoto hajakiamini chakula. Hilo nimemfundisha mimi, shangazi yake, kwa kukupenda wewe vibaya.

Sikuombi uniambie yamekwisha. Nakuahidi haya tu. Nitapaka anachoagiza Mama Kulwa, na akibadili nia nikiwa nimeshamaliza, nitakwangua nianze upya. Mtu akiniuliza rangi hizi ni za nani, nitamtaja yeye. Na kila nikienda Nkome nitapika mimi, nitampakulia Doto kwanza, nitampakulia tena, mpaka siku nitakayoinua ule mkeka nisikute kitu.

Lala salama, kaka Masanja. Nakuaga kwa jina ulilopewa na baba.

Ni mimi dada yako,
Minza