Kifo Changu, si Kifo Yangu

Sori, Jumanne, mwezi wa tano 1996

Mvua imenyesha tangu asubuhi na njia ya sokoni ni tope tupu. Hakuna aliyeleta hata gauni la kukunjwa pindo. Nimekaa na cherehani yangu, nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Leo nimegundua kwamba daftari hili lina msomaji.

Nilianza kuandika mwezi wa kwanza, niliporudi kutoka hospitali kule Homa Bay na majibu ya damu yangu. Muuguzi aliyenipa majibu alifunga mlango, akaniuliza nitamwambia nani. Mume wangu, Baba Akinyi, tulimzika mwaka jana. Mama mkwe anasema ni chira iliyomuua, laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa alioa Mkuria. Na kwetu Kuria hawakutaka niolewe huku. Ningemwambia nani?

"Basi andika, Mama Akinyi," akasema. "Hii kitu ukikaa nayo peke yako itakumaliza mbele ya siku yako. Andika, hata kama hakuna mtu atasoma."

Nikaandika. Sitasema uongo, imenisaidia. Kuna siku nilishindwa hata kutia uzi kwenye sindano, nikajaza kurasa mbili, kisha nikainuka nikapika. Nilimtukana marehemu humu, mtu niliyemlilia kwa sauti mbele ya watu matangani. Niliandika kwamba namchukia, na kwamba bado naacha nafasi yake kitandani. Yote mawili ni kweli.

Niliandika kwa Kiswahili. Ndicho tulichoanzia mapenzi, maana yeye hakujua Kikuria na Dholuo changu ni cha kuchekwa. Tena mama mkwe husoma Biblia ya Dholuo tu, nikajiona mjanja. Mjanja gani huyo, mwenye binti darasa la saba ambaye kila jioni anaambiwa, soma Kiswahili chako.

Leo nilifungua kurasa za nyuma nikaona penseli. Pale nilipoandika "ugonjwa hii", neno la pili limekatwa na juu yake pameandikwa "huu". Nikilia huwa naandika vile tunavyoongea, ngeli zote zinanipotea. Yeye amezirudisha moja moja. Nusura nicheke. Akinyi huyu hata barua ya shangazi yake huisahihisha.

Kisha nikafika ukurasa wa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeandika: "Kifo yangu haiko mbali."

Juu yake, kwa mwandiko wake mdogo wa shule: "changu". Halafu "hakiko". Pembeni ameandika KI-VI, kama mwalimu.

Nimeusoma mstari huo mpaka macho yakauma. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ameipata habari ya kufa kwa mama yake, akaona la kufanya ni kuitengeneza sarufi.

Sasa naelewa kwa nini siku hizi anateka maji kabla ya kutumwa. Kwa nini aling'ang'ania nimfundishe cherehani, hadi kutia vifungo. Nami nikawa natamba kwa majirani kwamba nimelea. Naona aibu kuyaandika haya. Kila mzigo nilioutua hapa, yeye alikuja akajitwika, kisha asubuhi akaenda shule na kunipungia mkono.

Ninamkasirikia muuguzi yule, na najua hana kosa. Ninajikasirikia mimi. Hakuna dawa waliyonipa, na mtoto huyu hana mwingine. Kwa mama mkwe ni mtoto wa Mkuria, kwetu ni Mjaluo.

Amesharudi kutoka shule. Namsikia jikoni akipuliza moto, kuni zimelowa. Ni hatua kumi tu kutoka hapa, na mdomo wangu umekataa. Nimesimama mara mbili nikakaa tena.

Kwa hiyo nitafanya hili ninaloliweza. Nitaliacha daftari mahali pake, chini ya vitambaa, nikijua atakuja.

Akinyi, ukifika hapa usisahihishe chochote. Njoo uniulize. Mimi pia naogopa, mwanangu, na sijui nianzie wapi.