Sahihi ya Babu Wilf

Mtaa wa Coral, Redcar
Jumapili, 16 Novemba

Baba mpendwa,

Hujambo huko melini? Mgongo unaendeleaje, na yule mpishi wenu bado anawalisha maharage asubuhi na jioni? Sisi hapa kwa afya hatujambo. Mafua ya Mama yamekwisha na sauti yake imerudi, ingawa jirani Maureen anasema afadhali ingebaki likizo. Bibi Enid naye ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza taratibu. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ungeniuliza habari, nami ningejibu "nzuri", halafu tungezungumzia mpira.

Unamjua Mama na mabenki yake. Mwezi wa tisa alihamia benki nyingine tena, mara ya sita sasa, akapewa pauni mia moja sabini na tano ambazo benki humpa mteja mpya kumkaribisha, akanunua mashine ya kufulia iliyotumika. Maureen alipoiona ikishushwa alimwambia juu ya ukuta, "We Denise, hata ndege wahamao hupumzika!" Mama akamjibu kwamba ndege hawalipwi. Bibi alicheka hadi akashika ubavu.

Siku ile ile nilikuwa nimeleta karatasi ya shule kuhusu safari ya Ubelgiji, kutembelea makaburi ya askari wa vita. Mama alisema kwa upole kwamba mwaka huu haiwezekani, nami sikubisha. Bibi ndiye aliyenifuata jikoni. Aliniambia, "Mjukuu wangu, hizo hela wanazompa mama yako, sisi wazee hawatupi? Nihamishe na mimi, ziwe za safari yako." Aliweka sharti moja tu: nisiiguse akaunti yake na Babu.

Unaijua akaunti hiyo. Tulimzika Babu Wilf miaka mitatu iliyopita, na Bibi hajawahi kuiambia benki. Kila mwezi ilikuja bahasha ya taarifa yenye majina yao wawili, naye aliiegemeza kwenye birika, akamaliza chai yake kwanza, ndipo akaifungua. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tuliona ni mambo yake.

Kwa hiyo nilifuata njia ya Mama. Yeye haigusi kamwe akaunti inayopokea mshahara wake. Hufungua nyingine tupu, akaitilia malipo mawili madogo yanayokatwa yenyewe kila mwezi, kama bili ya maji na mchango wa mashua za uokoaji, kisha huihamisha hiyo tupu na kuchukua zawadi. Nilimwombea Bibi akaunti tupu, lakini namba zake zilichelewa, na zawadi ya benki mpya ilikuwa inafungwa Ijumaa. Jumatano nilikaa na simu ya Bibi, na nilipoulizwa ni akaunti gani ihamishwe, nikaandika namba za ile ya zamani. Nilijiambia hakuna kitakachobadilika, kwamba pensheni itafuata yenyewe na bili zitafuata zenyewe. Kweli, vyote vilifuata. Nilisahau kwamba akaunti unayoihamisha hufungwa. Hapana, Baba, sikusahau. Nilijua.

Ilipokuja fomu ya kutia sahihi, nilimwambia Bibi ni karatasi za kawaida, akaweka sahihi yake bila kusoma. Pauni zilipofika alinipa zote ndani ya bahasha, akaniagiza nikifika kule nisimame walau dakika moja kwenye kaburi ambalo halina mtu wa kulitembelea. Nikalipa shule. Nililala vizuri usiku ule, na hilo nalo linaniaibisha.

Mwezi huu bahasha ya majina mawili haikuja. Bibi alimwuliza mleta barua mara mbili kama hakuna iliyoteleza chini ya mkoba wake. Alhamisi aliniomba nimsindikize benki, kule Middlesbrough, kwa kuwa ya hapa ilishafungwa. Ndani ya basi nilikuwa na nusu saa nzima ya kumwambia. Nikatazama nje.

Karani alikuwa dada mwenye adabu. Alieleza kwamba akaunti ilifungwa Oktoba, na kwamba kila kitu kilikuwa sawa kwa sababu wenye akaunti wote wawili walikubali. Bibi alisema hilo haliwezi kuwa. Basi karani akageuza kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe. Juu palikuwa na sahihi ya Bibi, na chini yake sahihi ya Babu.

Ni mimi niliyeiandika. Fomu ilitaka wote wawili. Nilichukua kadi aliyonipa Babu nilipotimiza miaka saba, nikajifunza mwandiko wake nyuma ya daftari la hisabati. Mara kumi na moja, hadi ikatoka vizuri.

Karani alimwuliza kama hiyo ni sahihi ya mumewe. Bibi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Unamjua mama yako, Baba. Aliwahi kurudi kwa muuza nyama kwenye mvua ili kurudisha senti ishirini alizozidishiwa chenji. Akasema, "Ndiyo. Ni yake." Karani akatabasamu, akamwambia amsalimie mzee. Bibi akajibu kwamba salamu zitafika.

Tulipanda basi la kurudi, likakaribia nyumbani. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Wilf hakuandika vizuri namna hiyo tangu kiharusi kimkamate mkono." Nililia mbele ya watu. Akanipa pipi ya mnanaa na kitambaa, akaniambia, "Penga kamasi, watu watadhani nimekupiga."

Ijumaa alipiga simu benki mwenyewe, mimi nikiwa pembeni, akawaambia kwamba mumewe amefariki. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Wamemwita Jumanne aende na cheti cha kifo, na aeleze sahihi ile ilitoka wapi. Anasema atawaambia aliandika yeye. "Mimi kikongwe watanifanya nini? Wewe una mitihani." Amenikataza kumwambia Mama. Wewe hakukutaja.

Nimeshaamua. Jumanne nitakwenda naye, nimevaa sare ya shule, na nitasema kabla hajafungua kinywa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nitamwambia Mama, hata kama Bibi atanikasirikia. Bi. Ashworth wa shule nimeshamwandikia kwamba siendi Ubelgiji, na nimeomba pesa zirudishwe zilikotoka. Sijui benki watanifanya nini. Ninaogopa, lakini ninaogopa zaidi kumwona Bibi akidanganya mara ya pili kwa ajili yangu. Barua hii itakapokufikia tutakuwa tumeshatoka huko.

Nisamehe, Baba. Ni jina la baba yako nililolichukua, na sikumwomba mtu yeyote.

Ukipata mtandao, tafadhali mpigie Bibi kabla yangu. Usimwulize ya benki. Mwulize habari za Babu. Tangu Ijumaa amemtaja mara nyingi kuliko miaka yote hii mitatu. Jana alitusimulia jinsi alivyomposa kwenye foleni ya samaki na chipsi, akasahau siki, akarudi nyuma ya foleni kuifuata kabla hajapewa jibu. Mama hakuwa anaijua. Nadhani hata wewe huijui.

Wasalimie wenzako wote hapo melini, na funga koti upandapo juu. Mama anakupenda, Bibi anakuombea, na Maureen anasema umletee chochote kisichonuka samaki.

Binti yako, anayekungoja pamoja na adhabu yake,

Verity